Paka Hali Steki, Paka Hula Panya

Nilimlisha paka wangu Karafuu steki kwa wiki sita. Steki ya maana, haina mfupa wala mafuta, ambayo mimi mwenyewe huila mwisho wa mwezi tu. Nilimchukua akiwa na wiki nane, ndiyo kwanza kaachishwa ziwa, na nilishasoma mtandaoni vya kutosha kuamini kwamba ugali na dagaa ni kumwonea paka na kwamba chakula kibichi ndicho alichoumbiwa. Kila asubuhi nakata vipande vidogo kama punje za mahindi, naviacha vipoteze ubaridi wa friji, naweka kisahanini. Anakula huku ananguruma peke yake. Nilijiona mlezi wa mfano.

Halafu akaacha kupanda kochi. Nikasema kashiba huyu, kawa mvivu. Nikimnyanyua analia. Siku moja akaruka kutoka kwenye stuli, urefu wa goti tu, akatua na kubaki pale pale, mguu wa nyuma kauinua.

Daktari wa mifugo alinionyesha picha ya eksirei. Mifupa yake ilikuwa hafifu, karibu rangi moja na nyama iliyoizunguka, na mguu una ufa. Nikamuuliza kama huenda kuna mtu kampiga. "Dada," akasema, "huyu hajapigwa na mtu. Kapigwa na steki."

Maelezo yake yalikuwa mepesi hadi nikaona aibu. Nyama tupu imejaa fosforasi, ila kalsiamu ndani yake ni kama hakuna. Paka mtoto anakua mbio, damu yake inataka kalsiamu, na isipokuja kwa chakula mwili unaikopa kwenye mifupa. Unakopa, unakopa, mpaka mfupa unavunjika kwa kuruka stuli. Porini jambo hilo halitokei kwa sababu paka hali steki, paka hula panya: mifupa, damu, moyo, ini dogo, na vilivyomo tumboni. Mimi nilimpa paja la panya na kumtupia mbali panya aliyebaki.

Ndiyo maana nasema ubishi wa "mbichi au kupikwa" tunaubishania pasipo. Wanaotetea mbichi hupenda kumtaja Francis Pottenger, daktari wa California aliyefuga mamia ya paka kati ya 1932 na 1942. Waliokula nyama mbichi walistawi, waliokula ya kupikwa wakadhoofika kizazi hadi kizazi. Kinachosahauliwa ni kwamba siku zile hakuna aliyejua paka anahitaji kiasi gani cha taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama. Mwaka 1987 ndipo Paul Pion, daktari wa mifugo wa Marekani, na wenzake walipoonyesha kwamba paka akikosa taurini moyo unalegea na kutanuka, na akirudishiwa, moyo unaweza kurudi. Taurini iko kwa wingi kwenye moyo na nyama nyeusi, na ukichemsha, nyingi inahamia kwenye mchuzi. Kwa hiyo ukipika, usimwage mchuzi. Paka hajali kama jiko liliwashwa, anajali kilichomo kisahanini.

Na samaki mbichi? Hapo ndipo nawavulia kofia bibi zetu wa pwani. Baadhi ya samaki wadogo wa jamii ya dagaa, wakiwa wabichi, wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Paka akilishwa hao kila siku anaanza kupepesuka, shingo inainama kidevu kifuani, mwisho degedege. Moto unakiua kimeng'enya hicho. Bibi yangu Tanga alichemsha dagaa wa paka maisha yake yote, wala hakuwahi kusikia neno vitamini.

Sasa msimamo wangu, nao najua utawakera baadhi: kipaka aliye chini ya mwaka usimfanye wa mbichi moja kwa moja. Si kwamba mbichi ni haramu. Ni kwamba yeye hana akiba. Paka mkubwa akiharisha siku mbili anakonda, kipaka wa kilo moja anaweza kufa. Na nyama yetu inaning'inia buchani tangu alfajiri, umeme unakatika usiku, friji inayeyuka na kuganda tena bila wewe kujua. Kugandisha vizuri kwa siku kadhaa kunaua vimelea vya tokso (toxoplasma), vile vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni mwa mama, ndiyo, lakini bakteria wa salmonela hulala tu. Hata kirusi cha mafua ya ndege kinaistahimili baridi: Desemba 2024, jimbo la Oregon, Marekani, paka wa ndani alikufa kwa mafua hayo baada ya kula chakula kibichi cha bata mzinga kilichouzwa kimegandishwa. Nyumbani mkiwa na mjamzito, kwangu mjadala umekwisha.

Nilimrudisha Karafuu kwenye chakula cha paketi cha watoto wa paka, nikachanganya kidogo kidogo kwa siku kumi maana alinuna, akanigeuzia mgongo mbele ya kisahani. Akakaa wiki kadhaa ndani ya kizimba asiruke. Siku hizi anapata moyo wa kuku mbichi mara mbili kwa wiki, kipande cha kidole, na ubao wa kukatia nausugua kwa maji ya moto. Kijana wa bucha alicheka nilipoacha kuagiza steki. "Kumbe dada ulikuwa unamlisha paka? Mimi nilidhani una mgeni."

Paketi ni ghali, najua. Asiyeiweza, heri dagaa wazima waliochemshwa na miba yao laini, na mioyo na firigisi za kuku kila zikipatikana, kuliko mnofu mwekundu unaopendeza kwenye picha. Maini kidogo tu, yakizidi vitamini A nayo inaharibu mifupa. Ganda la yai lililosagwa unga linasaidia, ila kipimo muulize daktari, usibahatishe kama mimi.

Jambo moja lilinichukua muda kulielewa. Paka wa bibi walikula ugali na walikuwa na mifupa ya chuma. Nikawaza sana, kisha nikakumbuka kwamba chakula cha bibi kilikuwa kitafunwa tu. Mlo wenyewe waliujua wao, usiku, ghalani na juu ya makuti. Wangu nilimfungia ghorofa ya tatu, madirisha yana nyavu, halafu nikampa steki.

Juzi Karafuu, mguu umepinda kidogo lakini umeunga, alimkamata mjusi kafiri nyuma ya pazia. Mkono wangu ulishakwenda kumnyang'anya. Nikaurudisha. Akaanza na kichwa, nikaisikia mifupa ikikatika kama bisi, akamaliza na mkia uliokuwa bado unachezacheza.