Vigae 190 kisimani: nani aliandika kura za Waathene?

Mwaka 1937 mwanaakiolojia Oscar Broneer, Mmarekani mzaliwa wa Sweden, alikuwa akichimba kwenye mteremko wa kaskazini wa Akropoli ya Athene alipokuta ndani ya kisima cha kale vigae vipatavyo 190 vilivyokwaruzwa jina la mtu mmoja, Themistokles mwana wa Neokles. Jina halikuwa geni, kwani huyo ndiye aliyewashawishi Waathene kuunda merikebu zilizowashinda Waajemi huko Salamis mwaka 480 KK. Kilichowashughulisha watafiti ni mwandiko: vilipolinganishwa kwa makini, vigae vyote hivyo vilionekana kuwa kazi ya mikono 14 tu. Vingi kati yake, tena, ni vitako vya vikombe vya aina moja, kana kwamba vilikusanywa kwa pamoja kwa ajili ya kazi hiyo. Tangu hapo kumekuwa na swali ambalo halijapata jibu la kukubaliwa na wote, nalo ni kama majina yaliyobaki kwenye vigae vya Athene ni sauti ya raia mmoja mmoja au ni kazi ya wapambe wa makundi ya siasa.

Vigae hivyo vilikuwa vya kura ya kumfukuza mtu mjini, iliyoitwa ostrakismos, kutokana na ostrakon, yaani kigae. Vipande vya vyombo vya udongo vilivyovunjika vilikuwa karatasi ya bure ya Waathene, kwa kuwa mafunjo yaliagizwa kutoka Misri na hayakuwa ya kutupwa ovyo. Kila mwaka mkutano wa raia uliulizwa iwapo unataka kura hiyo ifanyike. Ukikubali, yapata miezi miwili baadaye raia walikusanyika sokoni, wakaingia kwa makabila yao kumi, na kila mmoja akakabidhi kigae chake huku upande wenye maandishi ukiwa umegeuziwa chini. Hapakuwa na orodha ya wagombea, wala mashtaka, wala nafasi ya kujitetea. Ikiwa jumla ya vigae ilifika 6,000, mtu ambaye jina lake lilijitokeza mara nyingi kuliko mengine alipewa siku kumi za kuondoka, akakaa ugenini miaka kumi bila kunyang'anywa mali wala uraia. (Yuko mwandishi wa kale anayedai kwamba vigae 6,000 vilitakiwa dhidi ya mtu mmoja, lakini kiwango hicho nakiona kikubwa mno kwa mji ambao mikutano yake ya kawaida haikuwa na watu wengi kiasi hicho.) Wanawake, watumwa na wageni wakazi hawakuwa na kigae cha kutoa.

Wanaoona mkono wa wapambe katika kisima kile wana hoja nzito. Miezi miwili baina ya uamuzi na kura ilitosha kabisa kwa kundi lililojipanga kuokota vitako vya vikombe, kuviandika na kuvigawa kwa watu waliokuwa wakielekea sokoni. Historia iliyoandikwa nayo inawaunga mkono. Kura ya mwisho ya aina hii, iliyofanyika kati ya mwaka 417 na 415 KK, ilitarajiwa kumwondoa mmoja wa wanasiasa wawili, ama Nikias ama Alkibiades. Badala yake, kwa mujibu wa Plutarch, Mgiriki aliyeandika maisha ya watu mashuhuri, mahasimu hao wawili waliunganisha wafuasi wao, na aliyehamishwa akawa mwanasiasa mwingine, Hyperbolos. Baada ya hapo Waathene hawakuitumia tena. Ikiwa makundi mawili yaliweza kuhamisha kura kwa maelewano ya chinichini, kwa nini tushangae kwamba miaka mingi kabla ya hapo kulikuwa na watu 14 waliokaa chini na kuandika jina moja mpaka mikono ikachoka?

Upande wa pili hauukani ushahidi huo, ila unausoma kwa namna nyingine. Sheria tunayoijua haikumlazimisha mpiga kura kuandika kwa mkono wake, na katika mji ambao raia wengi hawakuwa na ujuzi wa kuandika, kigae kilichoandikwa tayari kilikuwa msaada, pengine hata bidhaa ya kuuzwa kwa senti chache karibu na soko. Tena vigae vile vilikutwa kisimani. Kuna uwezekano mkubwa kwamba havikutumika kabisa, bali ni masalio ambayo hayakupata wateja, yakatupwa. Na hata kama vingetumika vyote, 190 katika 6,000 ni kama asilimia tatu tu. Uchakachuaji wa kiasi hicho hauwezi peke yake kumfukuza mtu mjini.

Mimi naona hoja hii ya msaada ina nguvu, lakini inaruka jambo moja ambalo ndilo kiini cha suala lote. Kigae hukabidhiwa kikiwa kimegeuziwa chini, na asiyejua kusoma hana njia ya kuhakikisha kwamba jina lililo juu yake ndilo alilolitaka. Waathene wenyewe walilijua hilo, na ushahidi ni kisa anachokisimulia Plutarch kuhusu kura ya mwaka 482 KK. Mtu wa shamba asiyejua kuandika alimpa kigae mwanasiasa Aristeides bila kumtambua, akamwomba amwandikie jina la Aristeides. Alipoulizwa amekosewa nini, alijibu kwamba hamjui hata mtu huyo, ila amechoshwa na kumsikia kila mahali akiitwa Mwadilifu. Aristeides aliandika jina lake mwenyewe, akarudisha kigae. Plutarch aliandika zaidi ya miaka 500 baada ya tukio, na huenda kisa ni cha kutungwa. Lakini kisa hicho kinanoga kwa sababu tu kila msikilizaji alielewa kwamba mtu mwingine angeandika jina lingine na yule mkulima asingegundua kamwe. Usiri uliomlinda mpiga kura ulimlinda pia aliyemwandikia vibaya. Kwa hiyo, kusema kwamba vigae vya tayari vilikuwa huduma hakutuambii bado kama huduma hiyo ilikuwa ya haki.

Hata hivyo, kisima cha Broneer kisichukuliwe kuwa kielelezo cha vigae vyote. Kati ya mwaka 1966 na 1968 wanaakiolojia wa Kijerumani walifukua huko Kerameikos, mtaa wa wafinyanzi na makaburi, rundo la vigae zaidi ya 8,000. Zaidi ya 4,000 vina jina la mwanasiasa Megakles mwana wa Hippokrates, na zaidi ya 2,000 vina jina la Themistokles. Vipo vipande vya chombo kimoja vinavyounganika kabisa lakini vina majina tofauti, jambo ambalo limewafanya wataalamu wengi waamini kwamba kura dhidi ya wawili hao ni za mwaka mmoja, pengine 471 KK. Na hapa picha ni nyingine. Mmoja anamtaja mtu kwa jina la baba, mwingine kwa mtaa wake, mwingine kwa vyote viwili. Wengine huliandika jina la Themistokles kwa herufi ya "th" mara mbili, Themisthokles, bila shaka kama walivyolisikia likitamkwa, na kosa la namna hiyo ni alama ya mtu anayehangaika na herufi mwenyewe. Wengine hawatosheki na jina: Megakles anatukanwa kuwa mzinzi na kukejeliwa kwa ufugaji wake wa farasi; Kallias mwana wa Kratios anaitwa Mmedi, yaani Mwajemi, na mmoja amemchora amevaa kama mpiga mishale wa Kiajemi; Kimon anaambiwa amchukue dada yake Elpinike waondoke. Wapo hata waliopiga kura ya kuihamisha Njaa. Mpambe anayeandika vigae vya kugawa hana muda wa mizaha kama hiyo, wala sioni faida ambayo angeipata kwa kuifukuza njaa.

Kwa kuyapima hayo yote, naelemea upande wa kuvisoma vigae vya Kerameikos kuwa kazi ya raia wengi, na vya kisimani kuwa kazi ya kundi lililojiandaa. Ninachokikataa ni ile haraka ya kuuita mpango wowote kuwa wizi. Kundi kumtaka mtu aondoke na kuwasaidia wenzao kusema hivyo ni siasa. Wizi ungekuwa kumpa mkulima kigae cha Themistokles na kumwambia kimeandikwa Megakles, na hilo ndilo tendo ambalo kigae chenyewe hakiwezi kulithibitisha wala kulikanusha.

Lipo pia jambo ambalo mjadala wa mikono hulifunika. Katika vigae vilivyofukuliwa kwenye soko la kale, zaidi ya 250 vina jina la Kallixenos mwana wa Aristonymos, na kimoja kinamwita msaliti. Kwa hesabu ya vigae vya sokoni yeye ni miongoni mwa watu waliochukiwa zaidi Athene katika miaka ya 480 KK, lakini waandishi wa kale waliobaki hawamtaji hata kwa neno moja. Kabla ya vigae hivyo kufukuliwa, hakuna mwanahistoria aliyejua kwamba aliwahi kuwepo. Awe alichukiwa na raia 250 au na waandishi wachache wenye bidii, alikuwa mtu mzito kiasi cha kuhangaikiwa namna hiyo, na jina la baba yake lilijulikana vya kutosha kuandikwa kando ya lake.