Kocha kuhama si mwisho wa timu
Kuna habari inasema kocha wa riadha akihama chuo cha Marekani basi timu imekufa, hapo sikubali kabisa. Kocha Joe Franklin aliipa Chuo Kikuu cha New Mexico ubingwa wa mbio za nyika wa wanawake 2015 na 2017, na hiyo 2017 Ednah Kurgat wetu alimaliza wa kwanza, halafu 2023 kocha akaenda chuo kingine, Louisville, lakini 2025 Pamela Kosgei akiwa hapo hapo New Mexico akabeba mita 5000 na kuruka viunzi na maji kwa NCAA, mashindano ya vyuo vya Marekani. Mi naumia na watoto wanaosajiliwa na kocha huku wakifika huko ashaenda, binamu yangu yalimkuta, alikuwa analia kwa simu kila usiku. Wazazi ulizeni mapema, skolashipu ni ya chuo ama ni maneno ya kocha tu?