Baada ya #endif tuandike nini?

Fungua faili la lugha ya programu ya C lililopitia mikono mingi, shuka hadi mstari wa elfu mbili, utakuta #endif, agizo linalofunga kipande cha msimbo chenye sharti, imesimama peke yake. Inafunga nini? Pengine #ifdef (agizo la kufungua: kipande kitumike tu ikiwa jina fulani limetangazwa) iliyoanza mistari mia nne juu, pengine nyingine iliyo ndani yake. Kompaila, programu inayotafsiri msimbo kwa ajili ya mashine, inajua; msomaji anabaki kukisia. Mabano ya kawaida ya C walau husaidiwa na mistari inayosogezwa ndani, lakini maagizo haya ya priprosesa (hatua inayoupitia msimbo kabla ya kukompailiwa) kwa desturi huanzia ukingo wa kushoto hata yakirundikana tabaka tatu. Ndiyo maana watu wakazoea kuandika #endif /* CONFIG_SMP */, yaani kutaja jina la sharti ndani ya komenti, maelezo ya msomaji ambayo kompaila huyaruka.

Kwamba komenti hiyo husaidia, ni wachache wanaobisha. Ubishi uko kwenye maana yake. Tazama kipande hiki:

#ifdef TUMIA_KASHE
    soma_kwenye_kashe();
#else
    soma_kwenye_diski();
#endif

(Kipande kifupi hivi hakihitaji komenti yoyote, lakini tuchukulie kila upande una mistari hamsini.) Mwongozo wa uandishi wa GNU, mradi wa programu huria, unataka komenti ya #endif itaje sharti la sehemu inayoishia hapo, na iseme kama sharti hilo limekubaliwa au limekanushwa. Sehemu inayoishia ni ile ya #else (inayotumika sharti lisipotimia), kwa hiyo #else na #endif zote mbili huandikiwa /* not TUMIA_KASHE */. Mwongozo wa mfumo endeshi wa FreeBSD, yaani style(9), unakubaliana na GNU kuhusu #else, ambayo huandikiwa kinyume cha sharti: /* !TUMIA_KASHE */. Kwenye #endif njia zinaachana. FreeBSD hurudia sharti la ufunguzi kama lilivyo: /* TUMIA_KASHE */.

Mstari ni ule ule na mahali ni pale pale, ila mmoja anakanusha na mwingine anathibitisha. Aliyezoea GNU akikutana na #endif /* TUMIA_KASHE */ ataamini kwamba mistari iliyo juu yake hukompailiwa kashe ikiwashwa, wakati ukweli ni kinyume chake. Faili likichanganya mitindo hii miwili, komenti zake zinapotosha kuliko kama zisingekuwepo kabisa.

GNU wana hoja. Msomaji hasomi faili kuanzia juu kila mara. Mara nyingi hutua katikati na kupandisha macho kutoka chini, na komenti yao humjibu papo hapo. Hata hivyo mimi naegemea FreeBSD, kwa sababu ya matengenezo. Mtu akiongeza #else leo kwenye kipande ambacho hakikuwa nayo, mtindo wa GNU unamlazimu akabadilishe pia komenti ya #endif iliyo mbali huko chini. Hatakumbuka. Kwa FreeBSD, #endif inabaki sahihi bila kuguswa.

Hilo linatufikisha kwenye hoja nzito zaidi ya wanaozikataa komenti hizi: hakuna anayezikagua. Zamani kompaila nyingi zilikubali jina tupu, #endif FOO, bila alama za komenti. Kiwango cha C cha 1989 hakikuruhusu hilo, na GCC, kompaila ya GNU, hadi leo huonya ikikuta maandishi ya namna hiyo. Lakini ukishayafunga ndani ya /* */, GCC haijali yanasema nini. Badilisha jina la makro (jina linalopimwa) kwenye #ifdef, sahau kule chini, na komenti itaendelea kutaja makro isiyokuwepo tena, miaka nenda miaka rudi.

Wapinzani huongeza kwamba vihariri vya leo vinatosha. Ni kweli kwamba alama ya % katika kihariri cha Vim hukurusha kutoka #if hadi #else hadi #endif. Ila mabadiliko hayakaguliwi ndani ya kihariri kila wakati. Kwa kawaida git diff, amri inayoonyesha mabadiliko ya msimbo, huonyesha mistari 3 tu ya muktadha juu na chini ya kilichobadilika, na hapo komenti ndiyo shahidi pekee uliye naye.

Swali la kipande kiwe kirefu kiasi gani ndipo kipewe komenti halinisumbui sana. FreeBSD hutaja mistari zaidi ya 20, au tabaka zinazoweza kuchanganya, na vipande vifupi huviacha bila komenti. Wapo wanaotaka kila #endif iwe nayo ili skripti iweze kukagua bila mjadala. Nawaelewa, ila kila komenti ya ziada ni mahali pengine pa kukosea.

Linux wao hujaribu kupunguza tatizo lenyewe. Mwongozo wao unataka komenti kwenye vipande vinavyozidi mistari michache, lakini kwanza unataka #ifdef zihamishiwe kwenye mafaili ya heda (ya matangazo yanayotumiwa na mafaili mengine) pamoja na fanksheni tupu za kuziba pengo, na ndani ya fanksheni itumike if ya kawaida, if (IS_ENABLED(CONFIG_X)), ili kompaila iukague msimbo kabla ya kuutupa. Ni dawa nzuri, ila haitibu kila kitu. Ikiwa msimbo huo unagusa sehemu ya struct (kifurushi cha data) ambayo haipo mpangilio ukizimwa, utarudi kwenye #ifdef utake usitake.

Na mafaili ya zamani? Kiraka kimoja, yaani fungu moja la mabadiliko, cha kusahihisha mradi mzima huchafua historia ya git blame (inayoonyesha nani aligusa kila mstari mara ya mwisho) na kugongana na viraka vya wengine vilivyo njiani. Pale komenti zinapokosekana, zisubiri mpaka mtu aguse kipande hicho kwa sababu nyingine. Pale maana mbili zimechanganyika ndani ya faili moja, nisingesubiri.

Kinachobaki kigumu ni mlolongo wa #elif, yaani matawi ya kati yenye masharti yao. C23, toleo jipya la kiwango cha C, imeongeza #elifdef na #elifndef, kwa hiyo milolongo hiyo itakuwa rahisi zaidi kuandika. Ukifuata GNU kikamilifu, mwisho wa matawi manne unapaswa kuandika kwamba si A, si B, wala si C, na sijaona mwenye subira hiyo. Mimi huandika A peke yake kwenye #endif, na kwenye #else naorodhesha yote matatu yaliyokanushwa, hata mstari ukirefuka.