Babu Aliuliza Mvua Ilinyesha Lini

Mwezi wa saba, Kilolo mkoani Iringa, baridi ya kukata masikio, na tone la mvua lilikuwa halijaonekana kwa wiki tatu. Nilimvalisha babu hedifoni juu ya kofia yake ya sufu, nikamfungulia alichopiga usiku uliotangulia. Akasikiliza kwa utulivu mpaka mwisho, mikono juu ya mkongojo. Kisha akavua hedifoni, akanitazama, akauliza: "Mjukuu wangu, hii mvua ilinyesha lini?"

Mvua hiyo, ndugu zangu, ni maiki.

Nimekaa na swali lile tangu nirudi Mbeya na bado linanichoma, kwa sababu babu si mtu wa kukuomba umrekodi. Ligombo lake, chombo cha muziki cha uzi cha sisi Wahehe, linaning'inia ukutani karibu na picha ya harusi ya shangazi, na huenda mwaka mzima ukapita hajalishusha. Siku hiyo alilishusha mwenyewe. Alipuliza vumbi, akakaza uzi, akagonga kibuyu kwa kucha kusikia kama hakijapasuka. Akapiga karibu saa nzima. Na mimi nimerudi na saa nzima ya manyunyu.

Vimaiki vyenyewe nilivinunua Mwanjelwa, kwa kijana anayeuza vipuri vya simu. Vidogo kuliko punje ya mahindi, kila kimoja kimekaa kwenye kibao chake chenye matundu matatu ya waya. "Kaka, hii ni silikoni, analogia, mambo ya kisasa. Inanasa mpaka unyayo wa sisimizi." Na mimi, mtu mzima, baba wa watoto wawili, nikatoa hela. Kweli inanasa. Kasoro yake ni kwamba inajinasa na yenyewe.

Niliporudi ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya kabla ya kupanda basi: nikasoma karatasi ya vipimo. Imeandikwa desibeli 62, yaani pengo kati ya sauti na kelele ya maiki yenyewe. Ukiisoma harakaharaka unaona namba kubwa, unafurahi. Lakini namba hiyo inahesabiwa kuanzia sauti ya desibeli 94, ambayo ni makelele, si mnong'ono. Toa 62 kwenye 94, inabaki 32. Maana yake maiki inatengeneza shshsh yake yenyewe sawa na sauti ya desibeli 32, hata ukiifungia kwenye chumba ambacho nzi hapiti. Usiku wa Kilolo, umeme hakuna, mbwa wamelala, ni kimya kuliko hapo. Kwa hiyo kitu chenye kelele kuliko vyote mle chumbani kilikuwa kile nilichokileta mimi.

Sasa chukua ligombo. Wanaolijua wanajua: ubao uliochimbwa kama kimtumbwi, uzi unaokwenda na kurudi, kibuyu cha kuikuza sauti kidogo. Si chombo cha uwanja wa mpira, ni chombo cha watu watatu na moto. Utamu wake wote uko kwenye mkia wa sauti, pale uzi umeshapigwa na kidole kimeondoka, sauti inazama taratibu na babu anasemesha maneno juu yake. Mkia huo ndio unaoshuka chini ya 32. Ukisikiliza rekodi yangu unasikia uzi ukipigwa, ting, halafu mvua. Ting, mvua. Robo ya muziki imebaki, na zile tatu nyingine zimezama mtoni.

Wala si kwamba niliuziwa mbovu. Ni maumbile yake. Ndani mna utando wa silikoni wenye upana unaokaribia milimita moja tu, mwembamba kuliko unywele mara nyingi sana, na pembeni yake bamba lenye vitundu. Sauti inautikisa utando, umbali kati yake na bamba unabadilika, unapata umeme kidogo. Ila hewa nayo haitulii. Chembe zake zinagongagonga utando muda wote na kujipenyeza kwenye vile vitundu, na kwa utando mdogo hivyo kila mgongano unaonekana. Halafu amplifaya iliyobanwa humohumo inaongeza mvumo wake. Maiki kubwa ya studio ina utando wa karibu milimita 25, kwa hiyo migongano ile inajimaliza yenyewe kwa yenyewe, na shshsh yake inaweza kushuka mpaka desibeli 10 hivi. Tofauti ya desibeli 20 ni mara kumi kwa mgandamizo wa hewa. Hakuna programu ya simu itakayoziba pengo hilo.

Maana najua mtaniambia "utasafisha baadaye". Nimesafisha. Kijana mmoja mwenye studio hapa mjini alinisaidia, akaburuta vitufe, shshsh ikapotea kabisa. Na mkia wa ligombo ukaenda nayo. Iliyobaki ni kama mtu anagonga sufuria chini ya maji. Asante sana, teknolojia.

Juu nako kuna dari. Karatasi inasema ikifika desibeli 120 sauti inakuwa imepotoka kwa asilimia 10, kwa hiyo usiiweke karibu na ngoma wala mbele ya spika za harusi halafu uje kulalamika. Upepo wa kule juu uwandani Kitulo sizungumzii. Na zile "s" zinazokaanga kama dagaa kwenye mafuta ni kwa sababu tundu la maiki na kijichumba chake vinavuma kama chupa ya soda ukiipulizia mdomoni, ila huku juu kabisa kwenye sauti nyembamba.

Lakini la kitochi, kile kisimu kidogo cha vitufe, lazima nilisimulie.

Mnaijua ile sauti ya sabufa kabla simu haijaita: tititi-tititi-tititi. Hiyo ni simu inaongea na mnara kwa mtandao wa 2G, inarusha vipande vya mawimbi mara 217 kwa sekunde, na waya wowote wenye umeme dhaifu unavidaka. Maiki ya analogia ina umeme dhaifu kweli: kwa sauti ya desibeli 94 inatoa kama milivolti 12, na kwa ligombo la mbali ni chini ya hapo mara nyingi. Milivolti hizo zinatembea kwenye waya mpaka kwenye mashine ya kurekodia zikiwa uchi. Mimi nilijua hilo, nikazima simu yangu nikajiona mhandisi. Katikati ya wimbo ambao babu alisema alifundishwa na baba yake: tititi-tititi. Nikakagua begi, nikakagua mfuko wa koti. Kumbe kitochi cha babu kiko ndani ya koti lake, kifuani, sentimita chache kutoka kwenye uzi. Alikuwa anapigiwa na mtu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi.

Haya, niseme na mazuri yake, shingo upande. Zile maiki za elektreti, zenye chaji ya umeme ya kudumu ndani, walizobuni Gerhard Sessler na James West wa maabara ya Bell Labs, Marekani, mwaka 1962, hazipendi joto la tanuri la kuunganishia vipuri. Chaji yao inaharibika. Hizi za silikoni zinapita humo salama na zinatoka kiwandani zikifanana kama mapacha, ndiyo maana simu yako inaweza kubeba mbili au tatu na kulinganisha sauti zao. Kumpigia dada aliyeko Tunduma, hakuna kama hizi. Na zipo zenye pengo linalopita desibeli 70, sikatai. Zile zinazotoa dijitali, yaani sauti ikiwa tayari namba, nazo zingeniokoa na kitochi. Kwenye mvua hapana, kwa sababu utando ni uleule.

(Na mafundi wetu, jamani, acheni kuchokoa tundu la maiki kwa sindano. Hakuna uchafu mle, mmetoboa utando.)

Kinachonikera zaidi ni kwamba mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipita Tanganyika akirekodi muziki wetu, Wahehe wakiwemo, na mitambo mizito ya kubebwa na gari. Leo mitambo ya kurekodia inaingia mfukoni, wajukuu tumejaa, kila mtu anajiita mtunza utamaduni kwa sababu ana simu, na tunawarekodi wazee kwa kitu kilichotengenezwa kusikia "haloo, uko wapi". Sisemi nunueni maiki za studio, mimi mwenyewe sina hiyo hela. Nasema msimkalishe mzee wa miaka themanini na kitu kabla hamjajaribu nyumbani, usiku, na kitu chenye sauti ndogo.

Kosa langu kubwa halikuwa hata maiki. Lilikuwa adabu. Niliiweka mwisho wa meza, mita mbili, kwa sababu nani anamsogezea babu yake waya usoni? Lakini kila ukipunguza umbali kwa nusu unapata desibeli 6 za bure. Kutoka mita mbili mpaka robo mita ni kupunguza nusu mara tatu, yaani desibeli 18, kwa hesabu ya mahali pa wazi, chumbani zinapungua kidogo. Ningeomba radhi nikasogea.

Mwezi wa tisa nimerudi. Safari hii niliunganisha maiki nne pamoja: sauti ya ligombo inazifikia zote kwa pamoja ikajumlishana, ila shshsh ya kila moja ina ukichaa wake, hazipatani, kwa hiyo napata desibeli 6 nyingine. "Babu, samahani, naomba nisogee." "Sogea tu, kwani mimi moto?" Kitochi tukakipeleka jikoni kwa bibi.

Akapiga nyimbo mbili, ya tatu akasema kidole kinauma. Nikamvalisha hedifoni. Akasikiliza, macho amefumba, mguu unamcheza kidogo. Alipozivua nikamuuliza, "Vipi mvua, babu?"

"Ipo," akasema. "Lakini leo inanyesha kule Mufindi."