Kompyuta kuukuu: nunua kile utakachohama nacho

Mwezi uliopita niliwekewa mezani CPU ya Dell OptiPlex 7010. Mtaani CPU ni boksi zima, si prosesa (ile chipu iliyo ubongo wa mashine) peke yake, na sijaona sababu ya kubishana na mtaa. Mwenyewe ni mama mwenye steshenari Mbagala: anachapa barua, anatoa fotokopi, anatengeneza kadi za harusi na ratiba za mazishi. Akiiwasha asubuhi, anavuka barabara kununua chai na chapati, anarudi, bado kiduara kinazunguka kwenye kioo. Fundi wa kwanza alimpigia Windows mara mbili ndani ya mwaka mmoja, shilingi 20,000 kila safari, na kila safari nafuu ilidumu wiki mbili tatu. Wa pili akamwambia prosesa imechoka, atafute i7, prosesa yenye nguvu zaidi. Mwanawe naye hataki kusikia habari za fundi yeyote, anasema hilo chuma liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

"Sasa fundi, wewe niambie ukweli. Niitengeneze au niiache?"

Swali hilo linatugawa mafundi kama Simba na Yanga, na kila upande una hoja.

Wanaotetea ukarabati wanaanzia kwenye chuma chenyewe. OptiPlex, HP Compaq Elite, Lenovo ThinkCentre na ndugu zao zilinunuliwa kwa mamia na ofisi za Ulaya na Marekani, zikakaa kwenye kiyoyozi miaka mitatu minne, ndipo zikapakiwa kwenye kontena kuja kwetu. Zilijengwa ili fundi wa ofisi azifungue haraka: mfuniko wa 7010 unatoka bila bisibisi. Vipuri havisumbui, kwani zilizokufa huchinjwa Kariakoo kulisha zilizo hai. Na kazi ya steshenari haijabadilika kiasi hicho. Barua ya maombi ya kazi ina uzito uleule iliokuwa nao mwaka 2012, mashine hii ilipotoka.

Hoja yao kubwa, hata hivyo, ni SSD, diski ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka, na hapo inabidi nikae kidogo, maana ndipo pesa ya huyu mama ilipokuwa ikivuja.

Kabla ya kugusa chochote niliisoma "hadi diski" (hard disk, diski ya sahani inayotunza Windows na mafaili) kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure inayoonyesha kumbukumbu za afya ambazo diski inajiandikia yenyewe. Ikaja njano, yaani onyo: kuna sekta, yaani vipande vidogo vya diski, zilikwisha kufa na nyingine zinasubiri kuhukumiwa. Sasa fikiria fundi anapiga Windows mpya juu ya diski kama hiyo. Mafaili yanaandikwa upya, mashine inachangamka kwa siku chache, kisha sekta nyingine zinakufa na tunarudi pale pale. Yule wa kwanza hakuwa tapeli. Alitibu homa bila kupima damu.

Na hata diski ingekuwa nzima, isingefua dafu. Sahani yake inazunguka mara 7,200 kwa dakika. Data inayotakiwa husubiriwa ipite chini ya kichwa cha kusomea, kwa wastani nusu mzunguko, nayo ni milisekunde 4 na kidogo. Ukiongeza muda wa mkono kusogea, kila kipande kinakula kama milisekunde 12. Windows inapowaka haisomi kitu kimoja kirefu, inadokoa maelfu ya vipande vilivyotawanyika. Vipande 5,000 kwa milisekunde 12 ni dakika nzima. SSD hujibu kwa sehemu ya kumi ya milisekunde, kwa hiyo vipande vilevile vinachukua nusu sekunde. Ndiyo maana mtu anayebadilishiwa prosesa akaachiwa hadi diski haoni tofauti, na aliyebadilishiwa diski tu anadhani amepewa mashine nyingine. Ushauri wa i7 ungemmaliza mama wa watu pesa bila kumfupishia safari ya chapati hata dakika moja.

RAM, kumbukumbu ya muda ambamo programu zilizofunguliwa hukaa, inafuata, ila kwa mashaka zaidi. Mashine ilikuwa na GB 4. Fungua Chrome yenye kurasa sita, Word, na programu ya skana, imejaa. Windows inaanza kuhamishia mzigo kwenye diski, na tunarudi kwenye zile milisekunde. GB 8 inatosha kazi za steshenari. Mtego uko dukani. Kuna DDR3 (aina ya RAM ya mashine hizi) za GB 8 za bei ya chee zinazofanya kazi kwenye bodi za AMD pekee, kwa kuwa chipu zake zimepangwa kwa namna ambayo prosesa za Intel za wakati ule hazizisomi. Unachomeka, feni inazunguka, kioo kiko kimya, na unaanza kulaumu mazabodi (motherboard, bodi kuu). Kuna na zile zilizotolewa kwenye seva, umbo lilelile, pini zilezile kwa macho, lakini kwenye desktopu haziwaki kamwe. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza mchana mzima na kipande cha namna hiyo, na muuzaji akakataa kukirudisha. Tangu siku hiyo natembea na mashine ya mteja hadi kaunta.

Hadi hapo, upande wa ukarabati unaongoza. Wapinzani wao nao wana mambo matatu, na si yote yenye uzito sawa.

La umeme ni jepesi. Wanasema mashine za zamani zinakula luku. Tuchukulie tofauti ya wati 40 kati ya hii na ndogo ya kisasa, na hapo nimewapendelea, maana zikiwa zimetulia tofauti ni ndogo zaidi. Saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni uniti 10.4. Kwa takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, ni kama shilingi 3,700 kwa mwezi. Ni hela, sawa, lakini hainunui kompyuta.

La uzee wa vipuri ni zito. Ukiweka SSD mpya, pawa saplai (boksi la kuingizia umeme) imebaki ya 2012, na kapasita zake, vile vikopo vidogo vya kutuliza umeme, zimekauka kidogo kidogo muda wote huo, huku zikipigwa na umeme wetu wa kukatika na kurudi kwa kishindo. Wakongwe wa kazi hii wanakumbuka OptiPlex GX270, zilizovimba kapasita kwa wingi hadi mwaka 2005 Dell ikatenga dola milioni 300 kugharamia matengenezo. Zilizofuata ni imara zaidi, ila kuzeeka hakuna msamaha. Na hapa modeli inageuza hesabu. 7010 ina plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye mazabodi. Ndugu yake aliyemfuata, 9020, ana plagi ya Dell yenyewe ya pini 8, kwa hiyo pawa saplai ikifa unatafuta iliyochinjwa au unatafuta waya wa kubadilishia. Watu wawili wenye mashine zinazofanana kwa sura wanaweza kupata majibu mawili tofauti kwa fundi mmoja, na wote wakawa wameambiwa kweli.

La tatu ndilo lililobadilisha mchezo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 bure kwa utaratibu wa kawaida. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa Intel, prosesa kuanzia kizazi cha nane. Hii ni ya kizazi cha tatu. Mafundi tunajua kuipenyeza kwa mlango wa nyuma, na kwenye 7010 inawaka, lakini Microsoft haiahidi kuwa masasisho yataendelea kuja. Wenye Core 2 Duo, prosesa za zamani zaidi, ndio wamefungiwa kabisa, kwani toleo la Windows 11 liitwalo 24H2 linahitaji amri ambazo prosesa hizo hazina. Kuna muda wa nyongeza wa masasisho ya usalama kwa Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026: dola 30, au bila malipo kwa anayekubali kuunganisha mipangilio yake na akaunti ya Microsoft. Baada ya hapo steshenari inayopokea fleshi za watu arobaini kwa siku, kila moja na virusi vyake, itakuwa imekaa bila mlango.

"Weka Linux," watasema vijana. Ni mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, nami nyumbani natumia Linux Mint kwenye mashine kongwe kuliko hii na sijuti. Lakini kadi za harusi za mama huyu ziko kwenye Publisher, programu ya Microsoft ya kupangia kurasa, miaka saba ya kadi, na Publisher haipo Linux. Kinachochekesha ni kuwa Microsoft yenyewe imetangaza kuiachisha kazi Publisher Oktoba 2026. Kwa hiyo kadi zile zitahitaji makao mengine hata akinunua mashine mpya kesho. Hilo halimo kwenye hoja za upande wowote, na pengine ndilo litakalomuumiza zaidi.

Nikizipima pande zote mbili, naona tunabishana vibaya tunapouliza kama mashine ni nzee. Mimi nauliza: hiki ninachokinunua leo, siku mashine hii ikifa, nitahama nacho? SSD ya SATA ya inchi 2.5 unahama nayo. Itachomekwa kwenye karibu desktopu yoyote utakayoinunua baadaye. UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, unahama nayo. Kioo pia. DDR3 huhami nayo, mashine za kizazi cha nane zinatumia DDR4, kwa hiyo RAM ya mashine kuukuu inunuliwe iliyotumika, tena kwa bei ya kusahaulika. Prosesa ya i7-3770 huhami nayo kabisa, soketi yake iliishia hapo hapo. Pawa saplai ya umbo maalumu, vivyo hivyo. Kwa kipimo hicho SSD si pesa iliyozikwa hata mazabodi ikifa wiki ijayo, na i7 ni pesa iliyozikwa hata mashine ikiishi miaka mitano.

Kuna anayeweza kunibishia kwamba muda wa fundi nao ni pesa, na hauhamishiki. Kweli. Ndiyo maana nina mpaka: mashine ikinipa hitilafu ya pili isiyohusiana na ya kwanza ndani ya miezi mitatu, naacha kuitibu. Ila hitilafu iwe hitilafu. Nusu ya zinazoletwa kwangu "zimekufa" hazijafa. Isiyoonyesha kitu kwenye kioo, natoa RAM, nasugua meno yake kwa ufutio wa penseli, narudisha kipande kimoja kimoja. Hewa ya chumvi ya huku pwani inapaka utando pale. Inayokataa tovuti zote huku intaneti ipo, naangalia saa yake kwanza. Betri ndogo ya CR2032 kwenye mazabodi ikiisha, kila umeme ukizimwa tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa, na tovuti zinakataa kwa kuwa vyeti vyao vya usalama, kwa kalenda ya mashine, havijaanza kutumika. Watu wamenunua modemu mpya kwa ajili ya betri ya shilingi 1,000. Na kwa OptiPlex isiyowaka kabisa, nyuma karibu na tundu la waya wa umeme kuna kitufe kidogo na kitaa cha kijani. Chomoa plagi za ndani, acha waya wa ukutani, bonyeza. Kikiwaka, pawa saplai ina uhai. Tafuta ugonjwa kwingine.

Ya mama wa Mbagala ilipita vipimo vyote hivyo. Kapasita bapa, pawa saplai nzima, betri nimebadilisha hata kabla haijalalamika. Nikaweka SSD ya GB 256 na kipande cha RAM cha GB 4 kilichotoka kwenye mashine iliyochinjwa. Vumbi lililotoka kwenye feni lingejaza kikombe. Sasa inawaka kabla hajamaliza kufungua dirisha la kibanda. Mwanawe alikuja kuichukua, akaiangalia, akasema bado anataka mpya, na sikumbishia: nimewaandikia kwenye karatasi modeli tatu za kizazi cha nane za kutafuta kabla ya Oktoba, na chini yake nikaandika kwa herufi kubwa SSD MNAYO, MSIUZIWE NYINGINE.

Ile hadi diski ya zamani nimeirudisha kwenye bahasha. Kadi zote za miaka saba zimo humo, nami nimezinakili kwenye SSD isipokuwa folda mbili zilizogoma kusomeka. Moja imeandikwa "HARUSI JUNI". Nyingine imeandikwa "MISIBA", na mama ameniomba nijaribu tena.