Binadamu yupi?

Mnaijua ile picha ya mistari miwili: mmoja una vichwa vya mshale, mwingine vishale vyake vimegeuzwa, na huo wa pili unaonekana mrefu ingawa iko sawa. Juzi nimemsikia mhadhiri akiwaambia wanafunzi kwamba hivyo ndivyo jicho la binadamu linavyodanganyika, nao wakaandika. Imeniuma. Binadamu yupi?

Mtaalamu Mjerumani, Müller-Lyer, aliutoa mchoro huo mwaka 1889. Mwaka 1898 tu daktari Mwingereza W. H. R. Rivers alikuwa ameshaupeleka kisiwani Mer, katika Mlango-Bahari wa Torres kati ya Australia na Guinea Mpya, akiwa na msafara wa utafiti wa Haddon kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge. Ukubwa wa vitu machoni lilikuwa swali lake tangu zamani. Alikwishaandika juu yake mwaka 1896. Huko Mer mtu alipewa kifaa, akasogeza mstari mpaka aone imelingana, kisha Rivers akapima amekosea kiasi gani. Wenyeji walikosea kidogo kuliko Waingereza. Akawaletea mstari wa wima na wa mlalo, ambapo wa wima huonekana mrefu ingawa iko sawa: hapo wao ndio waliodanganyika zaidi! Watu walewale, macho yaleyale. Na alipopima ukali wa macho yao, hakukuta maajabu waliyosimuliwa Wazungu. Uhodari wao ulitokana na kuzoea kuangalia na kuyajua mazingira yao.

Kwa kazi hiyo namvulia kofia. Lakini katika ripoti ya 1901 akaongeza kwamba mtu akitumia nguvu nyingi mno kwenye milango ya fahamu, akili yake ya juu hudumaa. Kifaa cha kusogeza mstari hakipimi akili ya juu ya mtu yeyote. Hukumu hiyo alitoka nayo kwao, akaibandika juu ya vipimo vizuri, na hilo silisamehi.

Mwaka 1966 watafiti wa Marekani Segall, Campbell na Herskovits walichapisha matokeo ya mchoro huohuo kwa jamii nyingi, wakiwamo Wanyankole na Watoro wa Uganda. Wamarekani wa mji wa Evanston walidanganyika kupita wote. Wasan wa jangwa la Kalahari, kusini mwa Afrika, karibu hawakudanganyika. Kama sababu ni kukulia kwenye nyumba za pembe mraba, wataalamu bado wanabishana, sawa.

Ila anayefundisha mchoro huu Mbarara au Dodoma hana udhuru wa kuliruka hili. Awaambie wanafunzi ni nani waliopimwa, wapi, na nani walikosea kidogo. Kisha awape rula na karatasi, wakapime wenyewe, mjini na kijijini.