Sauti za Zamani Zinataka Kujibiwa

Kwenye meza ya maonyesho ya rekodi za sauti za zamani, mzee mmoja aliinua mkono wa simu ya kale uliotoa sauti ya rekodi, akauweka sikioni. Lebo iliandikwa "mashine, mahali hapajulikani". Alisikiliza kidogo, akatabasamu. "Hii ni cherehani ya kukanyaga," aliniambia, "na mkanda wake umelegea. Sikia unavyoteleza." Akatazama huku na huku akitafuta pa kuyasema hayo. Hapakuwa na kinasa sauti, karatasi wala mhudumu. Akaurudisha mkono wa simu mahali pake, akaenda zake na ujuzi wake.

Iliniuma, na bado inaniuma. Maonyesho mengi yanaitwa shirikishi eti kwa kuwa mgeni anaruhusiwa kugusa. Kubonyeza kitufe sauti itoke ni sawa na kuwasha redio. Mimi nitasema nimeshiriki pale tu nitakapoondoka nikiwa nimeiongezea hifadhi ya rekodi za sauti kitu ambacho haikuwa nacho.

Na pengo ni kubwa. Hifadhi ya sauti ya Vienna ilianzishwa mwaka 1899, ya Berlin 1900, na tangu enzi hizo za silinda za nta zilizotumika kurekodia sauti, mara nyingi jina la aliyerekodi liliandikwa vizuri huku aliyeimba akibaki "mwanamke" tu. Mwaka 2019 UNESCO ilitahadharisha kwamba kufikia 2025 mashine za kuchezea kanda za sumaku zingekuwa adimu mno, kwa hiyo kazi ya kuhamishia kanda kwenye kompyuta ikaharakishwa. Ni kazi ya lazima, naiunga mkono. Lakini sauti iliyookolewa bila kujulikana ni ya nani imeokolewa nusu.

Wanaoweza kuijaza nusu ya pili ndio hao wanaopita mbele ya meza. Wasiulizwe "umejisikiaje?", waulizwe "unamjua anayezungumza? Hii ni lugha gani?" Majibu yao yarekodiwe kwa ridhaa yao, na awepo mtu wa kuyasikiliza, kuyahakiki na kuyaingiza kwenye orodha. (Rekodi za misiba na ibada za faragha zisifike mezani kabla wenyewe hawajaulizwa.)

Meza ile ingehitaji kitu kidogo tu: mkono wa pili wa simu, wa kusemea. Leo lebo ingesomeka "cherehani ya kukanyaga, mkanda umelegea", na chini yake jina la mzee yule, kama angependa liwepo.